Bamvua iliyopotea: uchambuzi wa kisa cha moduli kati ya Fortran, C++ na Python

Kwa majuma matatu programu yetu ya kutabiri kupwa na kujaa kwa maji ilichapa jedwali ambalo ndani yake bahari ya Tanga ilipata bamvua, yaani maji makubwa, moja kila baada ya siku 45 hivi. Hakuna chombo kilicholalamika. Kompaila, yaani programu za kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, zilipita bila onyo, majaribio yalipita, na grafu ilipanda na kushuka mara mbili kwa siku kama inavyostahili pwani hii, hata sisi tulioifungua kila asubuhi na kikombe cha chai mkononi hatukuona kasoro. Aliyeiona ni nahodha mmoja mstaafu wa Sahare, nilipompelekea karatasi mbili za jedwali hilo, kila moja ikiwa na siku 30, kwa shabaha ndogo kabisa ya kujua kama maandishi yanasomeka.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Lete tuone."

Alizilaza karatasi mbili sambamba juu ya ubavu wa ngalawa, akateremsha kidole kwenye safu ya vimo vya maji hadi chini, akahamia karatasi ya pili, kisha akarudi kwenye ya kwanza.

"Bamvua hii hapa, nimeiona. Ya pili iko wapi? Hapa mna maji mafu, halafu maji mafu, halafu maji mafu tena. Bahari hii mnayoiandika, mwanangu, iko upande gani?"

Bamvua huja mara mbili katika mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kati ya moja na nyingine hupita siku 14 na robo tatu hivi, katikati yake yakiwa maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo. Mchokoa pweza hupanga kazi yake kwa hesabu hiyo, kwa kuwa mwamba hujitokeza vizuri siku hizo tu. Programu ya maji inayokosea bamvua haina la kumwambia mtu yeyote wa pwani. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba juma lile lile kosa lilipoingia ndilo juma tulilokuwa tumejipongeza kwa kumaliza, kama tulivyodhani, matatizo yote ya moduli, yaani vipande vya programu, kutegemeana.

Lugha tatu katika folda moja

Hesabu zenyewe zimeandikwa kwa Fortran, kwa sababu tulianzia kwenye msimbo wa zamani uliokwisha kuaminika na hatukuona haja ya kuuandika upya. Sehemu ya C++ husoma faili la vijenzi vya maji, huita hesabu za Fortran, kisha huchapa jedwali kwa saa za Kiswahili, yaani saa moja asubuhi ikiwa ni saa moja kweli. Python huchora grafu, nayo huita maktaba ile ile ya Fortran kupitia ctypes, sehemu ya Python ya kuita maktaba za lugha nyingine. Tulikuwa watu watatu, kila mmoja na kompyuta mpakato yake, katika chumba kimoja cha juu ya duka huko Ngamiani.

Upande wa Fortran una mafaili saba. Faili la aina.f90 linashika aina za data na namba zisizobadilika, nalo halitegemei lolote. Soma.f90 linahitaji aina peke yake. Nyota.f90 hukokotoa nafasi za mwezi na jua, vijenzi.f90 huandaa mawimbi yanayojumlishwa, linganisha.f90 hutafuta ukubwa wa kila wimbi kutokana na vipimo, tabiri.f90 hutoa kimo cha maji kwa saa yoyote, na daraja.f90 hufungua mlango ambao C++ na Python hupitia. Kila faili lina moduli moja yenye jina lake.

Hapa inabidi kueleza jambo moja la Fortran ambalo aliyezoea C++ huwa halitarajii. Moduli ziliingia katika lugha hiyo na Fortran 90, na kompaila inapopita juu ya faili lenye moduli hutoa vitu viwili: faili la .o ambalo linka, programu inayounganisha vipande, italihitaji baadaye, na faili la .mod ambalo ni maelezo ya yaliyomo ndani ya moduli. Faili jingine likisema linatumia moduli hiyo, kompaila hutafuta lile la .mod kabla ya kufanya lolote. Katika C++ ya kawaida, faili la kichwa, linalotangaza yaliyomo katika mengine, limeshaandikwa na mtu na liko pale hata kabla ya kompaila kuwashwa, kwa hiyo mpangilio wa kukompaili mafaili hauna uzito. Kompaila inaweza kuyachukua yote kwa pamoja, na orodha ya vichwa vilivyosomwa ikaandikwa kando wakati kazi ikiendelea, ili itumike safari ijayo. Katika Fortran kinachotegemewa huzaliwa na kazi yenyewe. Anayeendesha ujenzi lazima ajue nani anamtangulia nani kabla hajaanza, na ujuzi huo umefichwa ndani ya mafaili ambayo bado hajayafungua.

Makefile yetu ya zamani, yaani faili la maelekezo ya programu ya ujenzi iitwayo make, haikujua lolote kati ya hayo. Mtu aliorodhesha mafaili saba kwa mkono kwa mpangilio uliofaa, na kwa kuwa make bila maelekezo mengine huchukua kazi moja baada ya nyingine kutoka kushoto kwenda kulia, mambo yalikwenda. Utegemezi ulikuwa umeandikwa kwa mpangilio wa maneno katika mstari mmoja, wala hapakuwa na kanuni hata moja iliyoutaja.

Kosa lililopiga kelele

Nilipopata kompyuta mpya yenye viini nane nilichukua msimbo kutoka kwenye hazina ya Git, tunakotunza msimbo na matoleo yake, na kuandika make -j8, yaani kazi nane kwa pamoja. Mafaili saba yalianza kwa pamoja na sita yaligoma, yote kwa kilio kimoja: faili fulani la .mod haliwezi kufunguliwa kwa kuwa halipo. Nikarudia amri ile ile, kama afanyavyo kila mtu, na safari hii yakagoma matano, kwa sababu aina.mod ilikuwa imeshapatikana na soma.f90 likapita. Mara ya tatu yakagoma matano. Mara ya nne matano. Nikaondoa -j8, nikafuta kila kitu, nikaanza upya kwa kazi moja moja kama zamani, na ujenzi ukasimama penye nyota.f90.

Hilo la mwisho ndilo lililotuzindua, kwa sababu kwenye kompyuta ya mwenzangu mradi huo huo ulikuwa ukijengwa kila siku bila taabu. Tulipoyasoma mafaili mawili kwa utulivu tukakuta nyota.f90 linatumia moduli ya vijenzi, na vijenzi.f90 linatumia moduli ya nyota. Huo ni mzunguko, na hakuna mpangilio duniani unaoweza kuukompaili kutoka kwenye folda tupu. Mwenzangu alikuwa ameongeza mstari mmoja ndani ya nyota.f90 ili kuazima namba mbili zisizobadilika kutoka kwenye vijenzi, na siku hiyo vijenzi.mod ya jana ilikuwa bado imelala kwenye folda yake, kwa hiyo kompaila iliisoma ikaridhika. Tangu siku ile kompyuta yake ilikuwa ikijenga mradi juu ya mabaki ya mradi wa jana, na mabaki hayo hayakuwa ndani ya Git.

Mwenzetu wa tatu alijaribu kukwepa haya yote kwa kunakili folda nzima pamoja na mabaki yake kwa flashi, akapata kosa la aina nyingine: kompaila yake ilikataa kusoma .mod kwa kuwa ilitengenezwa na toleo tofauti. Mafaili ya .mod ya gfortran, kompaila ya Fortran iliyo ndani ya mkusanyiko wa GCC, tangu GCC 4.9 ni maandishi yaliyogandamizwa kwa gzip, hivyo ukiyafungua kwa zcat mstari wa kwanza kabisa unakutajia toleo la muundo wake. Yetu yalisema 15. Kompyuta yake ilikuwa na mfumo endeshi wa Ubuntu 18.04, ambayo huja na GCC 7, na hiyo husoma toleo la 14. Faili la .mod ni mali ya kompaila iliyolizaa na halisafiri; anayetaka kugawana kazi agawane msimbo.

Mzunguko tuliuvunja kwa dakika chache. Zile namba mbili zilihamishiwa aina.f90, ambako zingepaswa kuwa tangu mwanzo, na nyota ikaacha kuitegemea vijenzi. Kama zingekuwa ni taratibu za hesabu zinazoitana pande zote mbili, tungelazimika kutumia moduli ndogo za Fortran 2008, ambazo hutenganisha tangazo la utaratibu na mwili wake, na ambazo gfortran inazifahamu tangu toleo la 6. Hatukufika huko.

Ukabaki mpangilio. Baada ya mzunguko kuvunjika, mnyororo ulikuwa na ngazi tano: aina kwanza, kisha nyota na soma, kisha vijenzi, kisha linganisha na tabiri, na mwisho daraja. Mtu angeweza kuandika make -j8 mara tano na kumaliza, na nakiri kwamba kwa siku mbili tulifanya hivyo. Ujenzi unaokubali ukirudiwa bila kubadilisha kitu ni dalili ya wazi ya utegemezi ambao haukutangazwa, lakini mazoea ya kusema "jaribu tena" ni matamu mno.

Jaribio letu la kwanza la kuliponya lilikuwa la kuandika kanuni kwa mkono ndani ya Makefile, kwamba tabiri.o inahitaji vijenzi.mod, na vijenzi.mod hutokana na vijenzi.f90. Mpangilio ulinyooka, lakini mafaili yale yale yakawa yanakompailiwa upya kila tunapoandika make, hata kama hatukugusa kitu. Sababu yake ni adabu moja nzuri ya gfortran ambayo make haiielewi: kompaila ikikuta .mod mpya ina maudhui sawa na ya zamani, huiacha ya zamani kama ilivyo pamoja na tarehe yake. Ukirekebisha maoni tu ndani ya vijenzi.f90, chanzo kinakuwa kipya na vijenzi.mod inabaki ya juzi, na make ikilinganisha tarehe hizo mbili huona kazi ambayo haitaisha milele.

Tulihamia CMake, inayopanga ujenzi, pamoja na Ninja, inayouendesha badala ya make, na hapo upande wa Fortran ulitulia. CMake hupitia kila faili la Fortran kabla ya kulikompaili, huandika ni moduli zipi linatoa na zipi linahitaji, kisha humkabidhi Ninja mpangilio huo wakati ujenzi ukiwa umeshaanza. Ninja ya kawaida inaweza kupokea maelekezo ya namna hiyo tangu toleo la 1.10, la mwaka 2020. Ubuntu 18.04 ina Ninja 1.8.2, kwa hiyo kompyuta ya mwenzetu wa tatu ilikataliwa waziwazi na CMake hata kabla ya faili la kwanza, akakubali hatimaye kuhamia 22.04 kama sisi. CMake pia inaijua ile adabu ya gfortran, na huweka alama zake yenyewe za kuonyesha moduli ipi imebadilika kweli. Baadaye nilivutiwa kusoma kwamba moduli za C++20 zilileta fumbo hili hili upande wa C++, na kwamba CMake 3.28 huzishughulikia kwa njia ile ile iliyoanzia kwenye Fortran.

Kwa hiyo tulifuta folda ya ujenzi, tukajenga upya kwa viini vyote nane, ikapita kwa mara moja kwenye kompyuta zote tatu. Siku tatu baadaye mwenzangu wa Fortran aliongeza uga mmoja, yaani nafasi ya namba moja zaidi, kwenye aina ya kijenzi.

Kosa lililonyamaza

Kijenzi ni wimbi moja kati ya mengi yanayojumlishwa kupata kimo cha maji, nalo lilielezwa kwa namba tatu za desimali zenye baiti nane kila moja: kasi yake kwa radiani katika saa, ukubwa wake kwa mita, na awamu yake kwa radiani. Jumla baiti 24. Uga mpya ulikuwa wa marekebisho ya taratibu yanayotokana na mzunguko wa mwezi wa miaka 18.6, ulikuwa umetengewa nafasi tu, hesabu zake zikiwa bado hazijaandikwa. Jumla ikawa baiti 32.

Upande wa Fortran, mabadiliko hayo yalienea kama yalivyopaswa. Mchunguzi wa CMake aliona kwamba aina.mod imebadilika na mafaili yote yanayoitegemea yakakompailiwa upya, tena kwa mpangilio, jambo ambalo tulilitazama kwa fahari.

Upande wa C++ hakuna kilichosogea. C++ hupata umbo la kijenzi kutoka kwenye daraja.h, na daraja.h halikuandikwa na mtu: lilitengenezwa na skripti fupi ya Python inayosoma aina.f90 na kutoa muundo unaolingana nao. Katika Makefile ya zamani skripti hiyo ilikuwa na amri yake ya pembeni, ambayo aliyebadilisha aina alitakiwa kukumbuka kuiendesha. Tulipohamia CMake tuliisahau kabisa, kwa sababu daraja.h lilikuwa tayari ndani ya Git na kila kitu kilikompaili. CMake ilijua kwamba mafaili ya C++ yanategemea daraja.h. Ilijua kwamba mafaili ya Fortran yanategemea aina.mod. Kwamba daraja.h lenyewe ni mtoto wa aina.f90, hapakuwa na mahali popote palipoandikwa, na hakuna mchunguzi wa lugha moja anayeweza kuling'amua, kwa maana mmoja husoma matamko ya Fortran, mwingine husoma vichwa vya C++, na mpaka kati yao haumhusu yeyote.

Linka nayo isingeweza kutuokoa. Mlango wa daraja ulitangazwa kwa bind(C) ya Fortran 2003 na kwa extern "C" upande wa pili, na jina linalopita hapo ni jina tupu la utaratibu, lisilobeba habari zozote za aina wala za ukubwa. Majina yalifanana, linka ikaunganisha.

Nahodha alipouliza bahari yetu iko upande gani, tulipoteza siku mbili nzima tukikagua hesabu za mwezi na jua. Fikra ya utegemezi haikutujia, kwa kuwa jambo hilo tulikuwa tumelifunga. Siku ya tatu niliingiza mstari mmoja ndani ya daraja.f90 wa kuchapa kila kijenzi kama Fortran inavyokipokea. Tulikuwa tukitumia faili la majaribio lenye vijenzi vitano na namba za kukisia zilizoviringishwa, wala hazikuwa vipimo vya bandarini, hivyo niliweza kuzitambua kwa macho. Kijenzi cha kwanza, M2, wimbi kuu la mwezi, kilitoka sawasawa: kasi 0.5059, ukubwa 1.0, awamu 0.7. Cha pili kilipaswa kuwa S2, wimbi la jua, chenye kasi 0.5236, ukubwa 0.5 na awamu 0.4. Kilichochapwa kilikuwa 0.5, kisha 0.4, kisha 0.4964.

Niliikodolea macho ile 0.4964. Ni kasi ya N2, kijenzi cha tatu, na ilikuwa imekaa kwenye kiti cha awamu ya kijenzi cha pili.

Baada ya hapo lililobaki lilikuwa kuhesabu kwa vidole. C++ ilipanga namba tatu tatu, Fortran ilizisoma nne nne. Kijenzi cha kwanza kilianza mahali pamoja kwa wote wawili, kwa hiyo M2 ilikuwa salama, na kasi ya S2 ikamezwa na ule uga mpya ambao hakuna hesabu iliyoutazama. Kuanzia hapo kila kitu kiliteleza: ukubwa wa S2 ukasomwa kama kasi, awamu yake ikasomwa kama ukubwa. Kijenzi cha tatu kikawa wimbi la kasi ya 0.3, ambayo kwa kweli ilikuwa awamu ya N2, na ukubwa wa 0.2625, ambayo ni kasi ya K1, kijenzi cha nne. Cha nne kikaangukia juu ya O1 nzima, kijenzi cha tano, kasi, ukubwa na awamu, kwa sababu tatu mara nne na nne mara tatu hukutana kwenye 12. Na cha tano kikasoma sifuri tupu, kwa kuwa safu ya C++ ilikuwa imetengewa vijenzi 40 vilivyojazwa sifuri tangu mwanzo.

Nimeieleza hatua kwa hatua kwa sababu ndani yake ndimo ulimo usiri wa kosa hili. Kama safu ingekuwa na nafasi tano tu, Fortran ingesoma nje ya mpaka na huenda programu ingeanguka, nasi tungejua siku ile ile. Badala yake ilisoma baiti 160 ndani ya safu ya baiti 960, na hata vifaa vya kukagua kumbukumbu visingeona la kusema. Kama tungehesabu kwa digrii badala ya radiani, awamu iliyogeuka kuwa ukubwa ingetoa mawimbi ya makumi ya mita, na mtoto wa shule angecheka. Kwa radiani ilitoa wimbi la sentimita 40. Kilichonifanya nisimame na kwenda dirishani ni kasi yake. Ukubwa wa 0.5 uliogeuka kuwa kasi ya 0.5 ni wimbi la saa 12 na dakika 34, jirani kabisa na M2 yenye saa 12 na dakika 25, kiasi kwamba maji yaliendelea kujaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa heshima zote. Bamvua hutokea M2 na S2 zinapokutana vilele, nazo hukutana kila siku 14.77. M2 na hilo wimbi la bandia hukutana kila siku 44.6. Nahodha alikuwa ameiona tofauti hiyo kwa kidole kimoja.

Majaribio yetu? Yale ya Fortran yalipita kwa haki, maana yalipimwa ndani ya Fortran ambako kila mmoja alikubaliana juu ya baiti 32. Lile la C++ liliangalia kama kimo kinachorudi kiko kati ya mita tatu juu na tatu chini, nacho kilikuwapo. Hakuna jaribio hata moja lililovuka daraja na jibu linalojulikana mkononi.

Kilichobadilishwa

Daraja.h liliondolewa kwenye Git. Sasa huzaliwa ndani ya folda ya ujenzi kwa kanuni ya add_custom_command inayotaja wazi kwamba linatokana na aina.f90 na kwamba linatokana pia na skripti yenyewe, kwa kuwa skripti ikibadilika kichwa nacho hubadilika. Tulilitaja pia miongoni mwa vyanzo vya programu ya C++, jambo linaloonekana la ziada lakini sivyo: orodha ya vichwa ambayo kompaila huandika hupatikana baada ya faili kukompailiwa mara ya kwanza, hivyo kwenye folda tupu hakuna anayejua kwamba C++ inapaswa kumsubiri Python. Niliithibitisha kwa kufuta folda na kujenga kwa viini nane, kisha kwa kuongeza uga wa uongo kwenye aina.f90 na kutazama skripti ikiendeshwa kwanza, na lugha zote mbili zikifuata.

Hilo lingetosha kama maktaba na programu zingesafiri pamoja siku zote. Hazisafiri pamoja, libmaji.so, ambayo ndiyo maktaba yetu ya Fortran, huweza kubadilishwa peke yake. Kwa hiyo daraja.f90 limepata utaratibu mmoja wa mstari mmoja unaorudisha c_sizeof ya kijenzi, yaani ukubwa wake kwa baiti, na C++ inapoanza hulinganisha jibu hilo na sizeof yake. Zikitofautiana programu hutaja namba zote mbili na kukataa kuendelea. Ukaguzi wa ukubwa hauoni nyuga mbili zilizobadilishana nafasi, na kwa ajili hiyo tumeongeza jaribio linalopeleka vijenzi vitano kutoka C++ na kudai virudi kama vilivyokwenda, lakini kati ya hivyo viwili mimi nauthamini zaidi ule wa ukubwa kwa sababu hufanya kazi hata kwa mtu asiyeendesha majaribio.

Mwenzangu aliweka ukaguzi huo huo upande wa Python kwa ukamilifu tu, bila kutarajia chochote. Alipoita grafu, ilikataa kuchora: 24, 32. Muundo wa ctypes ulikuwa umenakiliwa kwa mkono siku ya kwanza ya mradi, ukiwa na nyuga zile zile tatu na safu ile ile ya nafasi 40, na ndiyo maana grafu na jedwali vilikuwa vikikubaliana majuma yote matatu, nasi tukihesabu makubaliano hayo kuwa uthibitisho. Skripti sasa hutoa na huo muundo wa Python pia.

Nilirudi Sahare Jumamosi iliyofuata na karatasi mbili mpya, nikamweleza nahodha kwamba saa na vimo bado ni vya majaribio mpaka tuweke vipimo vya kweli, ila mwendo wa bamvua ungetakiwa kuwa sawa. Alihesabu kwa ukucha, akaacha alama ndogo kando ya kila moja: nne ndani ya siku 60. Akatikisa kichwa kukubali, akazikunja karatasi, kisha akazikunjua tena na kuzisogeza mbali na uso.

"Ulikuja kuniuliza maandishi," alisema. "Ni madogo."